Tarumbeta Aenda Kusomea Afya

Mtaani kwao ni watu wachache mno waliolijua jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Tarumbeta, na hata mama yake mzazi alikwisha kusalimu amri, akawa naye anamwita hivyohivyo. Jina lilitokana na sauti. Akikohoa sebuleni kwake, jirani wa nyumba ya tatu humpa pole. Akimwita mwanawe dukani, wateja wote hugeuka. Mwanamume mwenye sauti ya namna hiyo hana njia nyingi za kujipatia riziki, naye alichagua ile yenye raha kuliko zote: akawa mshereheshaji wa harusi.

Mkewe alikuwa mpishi wa harusi hizohizo. Mume akishika maiki ukumbini, mke yuko uani na masufuria yake makubwa, kitambaa kichwani, mwiko mkononi, akiwaamuru wasaidizi kama jemadari. Mume akialikwa, watu wanajua na chakula kitakuwa cha nani, na wengi walisema wazi kwamba wanakwenda kwa ajili ya chakula.

"Kazi yako wewe ni kelele," mkewe alikuwa akimtania. "Mimi nisipopika, kelele zako watazitia mchuzi?"

"Na mimi nisipowaita mezani, wali wako utakula na nani?"

Wakaishi hivyo miaka mingi, wakalea watoto, wakajenga nyumba yao kidogokidogo. Ila Tarumbeta alikuwa na kitu kimoja rohoni ambacho hakukisema sana. Tangu utoto alitamani kazi ya afya. Akimwona mtu amevaa koti jeupe, alinyoosha mgongo bila kujijua. Lakini shuleni masomo ya sayansi yalimpiga chenga. Baiolojia aliipita kwa kuikwaruza, kemia ikamwangusha chali. Akajiambia basi, hospitali ni ya wenzake.

Mambo yaligeuka kwenye harusi ya mwalimu mmoja wa michezo. Ukumbi ulijaa pomoni. Jua lilikuwa la kuchoma utosi, na feni za darini zilizunguka kivivu kama wageni walioshiba. Chakula kilikuwa wali, kuku wa rosti na saladi, na juisi ya matunda kwenye mapipa ya plastiki. Katikati ya shughuli barafu ikaisha, wageni wakaanza kunung'unika kwamba juisi ina joto kama uji. Msimamizi wa bwana harusi akatoka mbio na gari, baada ya muda akarudi na mapande makubwa ya barafu ndani ya magunia.

Tarumbeta hakuiacha nafasi hiyo. Akashika maiki. "Mabibi na mabwana, naomba tusimame! Mgeni rasmi amewasili! Anaitwa Barafu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mapande yakapasuliwa, yakatumbukizwa kwenye mapipa, na meza zilizosalia zikakata kiu kwa furaha. Tarumbeta mwenyewe, koo likiwa limemkauka kwa kupiga kelele, alikunywa bilauri juu ya bilauri.

Asubuhi yake tumbo lilimkamata kama mdai. Alipofika kituo cha afya aliwakuta wageni wenzake wameshajaa. Mabenchi yalifurika, foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko ya daktari, na bwana harusi na bibi harusi walikuwa wameegemeana ukutani, kila mmoja na dripu yake, fungate yao wakiianzia hapo.

"Mabibi na mabwana," Tarumbeta alisema kwa sauti iliyobaki, "wanaokwenda chooni wapite kulia, wanaorudi wapite kushoto." Watu wakacheka huku wameshika matumbo, wakamsihi anyamaze kwa sababu kucheka kulikuwa kunazidisha hatari.

Hakuna aliyepoteza maisha. Maji ya chumvi na sukari yaliwainua wengi siku hiyohiyo. Lakini walipopata nguvu za kukaa, walipata na nguvu za kusema.

"Ni kuku huyo," alisema mmoja.

"Nani asiyejua? Kuku wa jana aliniangalia vibaya tangu kwenye sahani."

"Na mpishi je? Mbona yeye hajaugua?"

Maneno hayo yalisafiri kuliko sauti ya Tarumbeta. Yalifika nyumbani kabla yake. Alipoachiwa kurudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda jikoni, masufuria yote yamefunikwa, macho mekundu.

"Baba watoto, unajua sili ninapopika," alisema. "Harufu yenyewe hunishibisha. Leo imekuwa ushahidi. Waliokuwa wameniagiza kwa shughuli ya wiki ijayo wametuma mtu kusema wameahirisha."

Tarumbeta alivuta kigoda kingine, akakaa ubavuni mwake.

Siku ya pili akaja mgeni mlangoni kwao: mama mfupi mnene, mkoba umening'inia begani, viatu vya ngozi vilivyolika visigino. Alijitambulisha kuwa afisa afya. Mtaani walimwita Bibi Afya, na wenye vibanda vya chakula walimjua vizuri, maana akitokea mwanzo wa barabara, vifuniko vilirudi kwenye vyungu.

"Umetuletea dawa, daktari?" Tarumbeta aliuliza.

"Mimi si daktari, bwana. Daktari anawatibu ninyi. Mimi nimekuja kuitibu harusi."

Akakaa, akaomba maji ya kunywa, akauliza kama yamechemshwa, kisha akaanza maswali. Alitaka kujua nani alikaa wapi, meza zipi ziliitwa kwanza, nani alikula nini na kunywa nini. Tarumbeta alijibu alivyokumbuka, na penye shaka mkewe alimsahihisha. Hapo Bibi Afya akasema jambo lililomshangaza: alitaka pia kuongea na wageni ambao hawakuugua.

"Wazima wa nini tena?" Tarumbeta alisema. "Si uwaache wafanye kazi zao?"

"Mgonjwa ananiambia alikula nini. Mzima ananiambia ni kipi hakikumdhuru. Wote nawahitaji. Kama una nguvu, nisindikize. Wewe unawajua watu wako."

Wakazunguka pamoja. Walianza na mabibi, wale mama wazee waliokaa meza ya mbele na kuitwa wa kwanza. Waliwakuta wote barazani, wazima wa afya, wanachambua dengu kwenye nyungo.

"Kuku mlimla, mabibi?"

"Tulimla?" Bibi mmoja aliyebakiwa na meno ya kuhesabika alicheka. "Mwanangu, tulimrudia! Kuku alikuwa laini kama mkate. Mimi nilijaza na mfuko."

"Na juisi ya baridi?"

"Ya baridi kwa meno haya? Unataka kuniua? Tulikunywa mapema, kabla hawajaleta vurugu zao za barafu."

Kutoka hapo wakaenda kwa mpiga picha wa harusi ile. Alikuwa bado amelala, sura imesinyaa kama nguo iliyofuliwa bila kupigwa pasi. Yeye, alisema, hakutia hata punje ya wali mdomoni. Kazi ilimbana, picha za familia hazikuisha. Alichopata ni bilauri mbili za juisi, zenye barafu tele, alizopewa na msimamizi mwenyewe.

Tarumbeta alisimama pale chumbani kwa mpiga picha, mdomo wazi. Wasiokunywa barafu walikula kuku wakabaki wazima. Asiyemgusa kuku alikunywa barafu akaanguka. Alihisi kitu kimemfunguka kichwani kama dirisha.

"Ni barafu!" alinguruma, na mpiga picha akajifunika shuka.

"Taratibu," alisema Bibi Afya akitabasamu. "Wawili watatu hawatoshi. Tuwaulize na wengine."

Wakauliza wengine, na hadithi ikawa ileile karibu kila nyumba. Msimamizi wa bwana harusi, alipobanwa, alikiri kwa aibu kwamba barafu ya dukani ilikuwa imekwisha, akaenda kuchukua ile ya kuhifadhia samaki, iliyogandishwa kwa maji ya kisima yasiyochemshwa. Bibi Afya alikwenda kuchota maji ya kisima hicho kwenye chupa zake, akayapeleka maabara, na majibu yakaja kama alivyotarajia.

Habari hiyo ilitangazwa mtaani na Tarumbeta mwenyewe, bila maiki, kwa sababu hakuihitaji. "Ni barafu! Si kuku! Mke wangu hana hatia!" Bibi Afya alitembea ubavuni mwake akimvuta shati, akimkumbusha aseme pia kwamba barafu ya kunywa hugandishwa kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Akasema na hilo. Jioni ile wenye shughuli ya wiki ijayo walikuja wenyewe, wakajikuna vichwa, wakaomba waongezewe wali.

Mkewe aliimba tena jikoni. Lakini Tarumbeta alitulia kwa namna ambayo watoto wake waliogopa wakadhani bado anaumwa. Siku chache baadaye alikwenda ofisini kwa Bibi Afya. Palikuwa chumba kidogo nyuma ya kituo cha afya: meza, mabango ya kunawa mikono, sanduku la chupa za maji, na mabuti ya mpira yamesimama nyuma ya mlango.

"Kazi hii yako," alisema, kwa mara ya kwanza akinong'ona, "husomewa wapi?"

"Chuo cha afya. Kozi ya afya ya jamii."

"Nilidhani kuingia kwenye kazi za afya ni lazima ujue kuchoma sindano."

"Wapo wanaochoma sindano, na Mungu awabariki," alisema Bibi Afya. "Lakini kuna kupima maji, kukagua vyakula, kuhangaikia chanjo, kufukuzia milipuko ya magonjwa kama tulivyofanya mimi na wewe, kufundisha watu, kuchambua takwimu. Wengine wakimaliza huendelea mbele, huendesha hospitali nzima. Cheti chako cha sekondari kina baiolojia?"

"Kinayo. Nyembamba."

"Nyembamba si sifuri. Wanaanza na stashahada. Lete cheti tukakionyeshe."

Kazi kubwa ilikuwa kumwambia mkewe. Alimkuta anachambua mchele, akakaa pembeni, akamsaidia kuchambua, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi mwanamke yule.

"Mama watoto, nataka kurudi shule."

"Shule ipi? Ya wanetu imejaa."

"Chuo. Nikasomee afya ya jamii."

Mkewe alicheka mpaka mchele ukamwagika. Akilini alimwona mumewe amevaa kaptula, amebeba begi mgongoni, anaomba ruhusa kwenda haja. Alicheka, akafuta machozi, akamtazama tena. Na alipoona mwenzake hacheki, naye akanyamaza.

"Unasema kweli."

"Kweli kabisa."

Akaokota punje zilizomwagika, moja moja, akifikiri. "Yule mama alinirudishia heshima yangu kwa maswali tu," alisema mwishowe. "Hakuchoma mtu sindano, hakumgombeza mtu. Kama kuna chuo kinachofundisha kuuliza namna ile, nenda. Harusi za Jumamosi zitatulisha. Mimi nitapika, na wewe utapiga kelele zako wikendi. Ila ukishindwa katikati usinirudie hapa na uso mrefu."

Siku ya kwanza chuoni, Tarumbeta alivaa suti yake ya harusini, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Alipoingia darasani wanafunzi wote walisimama na kumwamkia kwa pamoja, wakidhani ni mkufunzi.

"Marahaba, marahaba. Kaeni wanangu," alisema. "Na mimi nimekuja kukaa."

Darasa likavunjika mbavu, na tangu hapo alikuwa mtu wao. Wakufunzi walimpenda kwa sababu alipenda kila kitu. Alipenda somo la usafi wa mazingira, alipenda kujua mbu anazaliana wapi, alipenda hata choo cha shimo kinavyojengwa. Neno epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea, lilimpa shida siku ya kwanza. Siku ya pili alilitamka kama anayemkaribisha bwana harusi ukumbini, na mkufunzi akamwomba alirudie kwa raha zake.

Kilichomtoa jasho ni takwimu. Mkufunzi wa takwimu aliandika ubaoni bila kugeuka, na Tarumbeta aliziona namba zinapita mbele yake kama msafara usiomhusu. Jaribio la kwanza lilirudi na alama za kuchekesha kuliko utani wake wote. Alilikunja, akalitia mfukoni, akakaa kwenye ngazi za maktaba. Sauti ya mkewe ikamjia: usinirudie na uso mrefu.

Hapo kwenye ngazi alikaa binti mmoja wa darasa lao, mwembamba, miwani mikubwa, ambaye wenzake walimwita Kikokotoo. Katika jaribio lile alikuwa amepata kila kitu. Lakini ajabu, naye alikuwa analia.

"Wewe tena unalia nini, binti?" Tarumbeta aliuliza. "Alama umezikusanya zote, hata zangu."

"Mwisho wa muhula kila mmoja atasimama mbele ya darasa kueleza kazi yake," alisema Kikokotoo, sauti haisikiki vizuri. "Mimi siwezi, mzee. Nikisimama mbele za watu magoti yanacheza na maneno yanakimbia. Nafikiri nitaacha chuo."

Tarumbeta alimtazama, kisha akacheka kicheko chake kilichowatoa watu dirishani. "Binti, Mungu ana mpango na ngazi hizi. Wewe nifundishe namba, mimi nikufundishe kusimama."

Wakapeana mikono. Kikokotoo alikuwa mwalimu mkali kuliko alivyoonekana. Aligundua upesi kwamba mzee huyu hushika jambo likipitia harusini, basi akampitisha huko.

"Mzee, ukisema wageni ishirini waliugua, hujasema kitu."

"Sijasema kitu? Ishirini wamelazwa na sijasema kitu!"

"Ishirini kati ya wangapi? Kama ukumbi una watu ishirini, ni msiba. Kama una elfu, ni jambo jingine. Lazima ujue namba ya chini, ile inayokaa chini ya mstari."

Tarumbeta alipiga paja. "Kumbe namba ya chini ni wageni waliohudhuria!"

"Ndiyo, mzee. Waliohudhuria wote, si wanaopiga kelele tu."

Tangu siku hiyo takwimu zikaanza kumwelekea. Hakuwa hodari, lakini jaribio la pili alifaulu, na la tatu alifaulu bila kufunga macho wakati wa kupokea karatasi. Na zamu yake ya kufundisha ilipofika, alimpeleka Kikokotoo kwenye maabara tupu, akamsimamisha mbele, yeye akaenda kukaa mwisho kabisa.

"Habari zenu," alisema Kikokotoo.

"Sijasikia!"

"Habari zenu wote."

"Bado uko jikoni! Mimi niko ukumbini!"

Akamchokoza hivyo mpaka binti akapandwa na hasira, akapiga meza, akafoka: "Nimesema habari zenu! Leo nitaeleza kuhusu kuhara kwa watoto na mtanisikiliza!" Mlango wa jirani ukafunguka, mkufunzi akachungulia, akauliza kulikoni. Kikokotoo aliziba mdomo wake kwa mikono miwili, lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Juma lililofuata alisimama mbele ya darasa. Magoti yalicheza, lakini maneno hayakukimbia.

Mwaka wa mwisho ulikuwa na mafunzo kwa vitendo, nao wawili wakapangiwa kituo cha afya cha Bibi Afya. Surua ilikuwa imeanza kusikika mitaa ya mbali kidogo, na kwenye mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha nguo watoto wengi walikuwa wamepata chanjo ya kwanza ya surua, ya pili hawakuifuata. Bibi Afya akawapa mtaa huo. "Nataka watoto hawa wafike kliniki," alisema. "Njia mtaitafuta wenyewe."

Tarumbeta alikunja mikono ya shati. Kuita watu? Hiyo ilikuwa kazi ya kuzaliwa nayo! Akaazima spika, akasimama kwenye kiwanja cha mtaa, akaanza. Aliita, alitania, aliimba, alieleza habari za surua kwa vichekesho. Kiwanja kikafurika. Watu walicheza, vijana wakapanda juu ya kuta, wazee wakatoka na viti. Alirudi kituoni amelowa jasho, amefurahi kama aliyeshinda uchaguzi.

Asubuhi iliyofuata kliniki ilikuwa tupu. Muuguzi wa chanjo alikaa kando ya kasha lake la baridi, anamenya karanga. Walikuja watoto wawili, na mmoja alikuwa amekuja kwa jipu.

"Lakini walijaa!" Tarumbeta alilalama. "Binti, uliwaona!"

"Walijaa wakubwa, mzee," alisema Kikokotoo kwa upole. "Namba ya chini ni watoto."

Bibi Afya aliwasikiliza kutoka mlangoni. "Uliwauliza nini pale kiwanjani?"

Tarumbeta alifikiri. "Sikuwauliza kitu. Niliwatangazia."

Bibi Afya akaenda zake na mabuti yake. Tarumbeta alirudisha spika alikoiazima, akamwambia Kikokotoo, "Twende. Leo tunabisha hodi."

Hakuna kitu kilichokuwa kigumu kwake kama kubisha hodi na kunyamaza. Jioni hiyo mlango wa kwanza alifungua mama kijana aliyetoka kazini, mikono imejaa povu la sabuni. Tarumbeta alimwuliza kwa nini mtoto hakupelekwa chanjo ya pili, kisha akauma ulimi asimjibie.

"Wewe si yule wa jana wa spika?" mama alicheka. "Umetuchekesha kweli. Sasa nikueleze, kaka. Kliniki ikifunguliwa mimi niko getini kwa kiwanda. Ikifungwa mimi bado niko kwenye cherehani. Mara ya kwanza niliomba ruhusa. Nikiomba tena, msimamizi atanipa ruhusa ya moja kwa moja."

Mlango wa pili ulikuwa na bibi anayelea wajukuu: mama yao hushinda kiwandani, kadi za watoto kazifungia kabatini, na ufunguo anao yeye. Mlango wa tatu baba mmoja alishangaa: "Si alishachomwa? Kumbe kuna nyingine?" Huyo alielezwa, akashukuru. Lakini walipozunguka mtaa mzima, na Kikokotoo akajumlisha majibu, sababu iliyowazidi wengine wote ilikuwa ileile ya mama wa povu: kliniki ilikuwa ya asubuhi, na mama wa mtaa ule walikuwa kiwandani.

Ilibidi jambo hilo lipelekwe kwa daktari mkuu wa kituo. Tarumbeta alianza kusafisha koo, lakini Kikokotoo akamshika mkono. "Niache mimi, mzee."

Akasimama mbele ya daktari, muuguzi wa chanjo na Bibi Afya. Akaeleza yote: watoto ni wangapi mtaani, waliokosa ni wangapi, kwa nini. Akaomba kliniki ya chanjo isogezwe alasiri, siku mbili kwa wiki, kwenye uwanja ulio mbele ya kiwanda.

"Na mimi je?" muuguzi wa chanjo akaruka. "Mimi sina watoto? Jioni nani atawapikia?"

"Siku hizo mbili uanze kazi saa za mchana," alijibu Kikokotoo. "Tumeangalia, asubuhi wanaokuja siku hizo ni wachache, mwenzako mmoja anawatosha."

Muuguzi akafikiri, akatazama karanga zake, akasema, "Kulala asubuhi mara mbili kwa wiki? Hapo tunaweza kuongea."

Daktari mkuu aliegemea kiti. "Una hakika gani watakuja?"

"Sina hakika, daktari," alisema Kikokotoo, na sauti yake ilifika hadi dirishani. "Ndiyo maana naomba tujaribu mwezi mmoja, kisha tuhesabu."

Tarumbeta, kule nyuma, alikuwa anatokwa na machozi waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Alasiri ya kwanza walipanga meza chini ya turubai. King'ora cha kiwanda kikalia, lango likafunguka, wanawake wakatoka kwa wingi, nyuzi bado zimenasa kwenye nguo zao. Kwa muda hakuna aliyesimama. Tarumbeta alishikilia mguu wa meza kujizuia asiite. Kisha mama wa povu akamwona, akapunga mkono, akageukia wenzake: "Jamani, wamekuja kweli!" Wakatawanyika mbio. Punde wakaanza kurudi, watoto mgongoni, watoto mkononi, mabibi nyuma wakiwa na kadi, na foleni ikazunguka ukuta wa kiwanda. Vilio vya watoto vikapanda kwa pamoja kama kwaya isiyofanya mazoezi.

"Mmeniletea mji mzima!" muuguzi alilalamika, akifungua kasha la baridi kwa haraka, akicheka.

Kazi ya Tarumbeta siku ile ilikuwa kuwabembeleza waliokwisha kuchomwa. Aligundua kwamba sauti yake, akiishusha chini kabisa, ilikuwa nzito na laini, na watoto waliegemea kifuani kwake wakanyamaza. Mtoto mmoja alilala kabisa, akamlowesha shati. Hakumshusha mpaka foleni ilipokwisha.

Mwezi ulipoisha walihesabu, na daktari mkuu akaagiza kliniki ya alasiri ibaki. Surua ilipopitia mitaa ya jirani, nyuma ya kiwanda waliugua watoto wachache mno, wakapona.

Wote wawili walihitimu. Kikokotoo aliajiriwa kwenye ofisi kuu ya afya, kitengo cha takwimu, na wanaofanya naye kazi wanasema kwamba kwenye mikutano akishaanza kueleza, mwenyekiti hupata shida kumkalisha. Tarumbeta alipata kazi kituoni hapohapo, akakabidhiwa maji, masoko na shule za upande wa mashariki. Mkewe alimshonea shati jeupe la kazini, akalipiga pasi mwenyewe, akamzungusha mbele ya kioo.

"Haya, baba watoto. Sasa nani atakucheka?"

"Wewe," alisema Tarumbeta, na kweli alikuwa tayari anacheka.

Shati hilo halikumaliza siku likiwa jeupe. Asubuhi alitumwa kwenye shule ya msingi ambako maji ya bomba yalikuwa yananuka. Akapanda juu ya tangi, akafungua mfuniko, akakuta mjusi aliyekufa zamani na majani yaliyooza. Akaagiza tangi limwagwe, akaingia ndani na brashi pamoja na mlinzi wa shule, wakasugua wakipokezana nyimbo, na sauti zao zikavuma humo ndani mpaka madarasa yote yakaacha kusoma na mwalimu mkuu akatoka nje kutazama. Wakatia maji mapya, wakatia dawa, Tarumbeta akapima, akawaonyesha watoto kipimo kinavyobadilika rangi, akajibu maswali yao hadi kengele ikalia. Akarudi nyumbani ameloa chapachapa, ananuka tangi, akaoga, akala sahani mbili, akaomba apigiwe pasi shati jingine, kwa sababu kesho yake alikuwa na soko zima la kukagua.